Embe la Desemba na Embe la Machi

Ukipita barabara ya Wote kwenda Kathonzweni mwezi wa Februari utaona maembe yamepangwa kwa ndoo kando ya njia, mengine yamejaa makreti yakisubiri lori la broka, na mengine yanaozea chini ya miti kwa kukosa wa kuyaokota. Yaangalie vizuri. Mengi ni ya aina moja, lile embe la mviringo lenye wekundu begani linaloitwa Apple. Broka naye analijua hilo. Anajua kwamba shamba lako, la jirani yako na la shemeji yako kule Kalamba yameiva wiki moja, na kwamba embe lililoiva halimngojei mtu. Bei anaipanga yeye.

Hasara ya Februari ilianza miaka minne au mitano nyuma, pale kwenye kitalu cha miche, kila mtu aliponunua alichokiona kwa mwenzake. Kwa hiyo tuanzie hapo kitaluni. Haya nayaandika kwa mwenye boma la Makueni au Kitui anayetaka miti sita ya kulisha watoto, au nusu ekari ya kulisha watoto na kusaidia karo. Mwenye ekari ishirini na mnunuzi wa Dubai ana hesabu zake nyingine.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: shika kalenda mkononi kabla ya kushika mche. Jiulize unataka kula embe miezi gani, na mwezi gani unataka kuwa na embe ambalo jirani hana. Utamu uje baadaye. Aina zote zilizopandikizwa ni tamu za kutosha kwa mtoto aliyetoka shule na njaa.

Shamba lako liko juu kiasi gani?

Mwembe unataka joto, na unataka kiu kwa wakati wake. Mvua ya milimita 500 hadi 1,000 kwa mwaka inautosha, mradi kuwe na miezi miwili mitatu mikavu kabla ya maua. Hapo Ukambani tumebarikiwa bila kuomba. Mvua za Machi hadi Mei zikiisha, Juni hadi Agosti huja baridi kavu; mti unaacha kuchipua, unatulia, kisha kati ya Julai na Septemba unatoa maua. Matunda yanaiva Desemba hadi Machi. Mvua ikikosea njia ikanyesha juu ya maua, ndipo chule, ule ugonjwa wa madoa meusi, unapoyakausha yakapukutika.

Kwa Kenya, mwembe hufanya vizuri kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,200 hivi. Wote, Kathonzweni, Kalamba, Makindu na Kibwezi ni nchi ya maembe. Kitui mjini na viunga vyake, Mulango na Matinyani, ni hivyo hivyo, na vilevile Mwingi na Mutomo kwa atakayepata maji ya kulea miche. Kadiri unavyopanda juu ndivyo maua yanavyochelewa na matunda yanavyochelewa. Jambo hilo lina faida yake: Apple wa mlimani anaweza kuja sokoni baada ya Apple wa bondeni kwisha.

Ukifika milima ya Mbooni na Kilungu, mambo yanabadilika. Ukungu na baridi ya asubuhi huleta kwenye maua ule unga mweupe, na mwembe utakuwa na majani mazuri na matunda ya kuhesabu kwa vidole. Aliye huko juu apande avokado, Hass na Fuerte, pembeni mwa kahawa yake, na maembe ayanunue kwa watu wa chini.

Kuna pia anayetaka peasi. Siku hizi miche ya peasi na ya tufaha hutembezwa hadi kwenye masoko ya nchi kavu, na muuzaji ana picha ya tunda kwenye simu. Usiichukue. Peasi ni mti wa nchi zenye majira ya baridi kali: ili vichipukizi vyake viamke na kutoa maua, aina nyingi za Ulaya zinahitaji mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7, na nyingine hufika karibu saa elfu. Usiku wa Julai wa Kitui hauko karibu na kiwango hicho. Mti utaishi, utaota majani, na utakaa hivyo miaka nenda miaka rudi. Peasi za Afrika Mashariki zina kwao: Limuru na nyanda za juu za Kiambu, na kule Tanzania milima ya Usambara karibu na Lushoto. Hata huko ni zile aina zinazoridhika na baridi kidogo ndizo zinazozaa.

Na machungwa? Makueni ni nchi ya machungwa kama ilivyo ya maembe, na mwenye nafasi aweke miti miwili mitatu. Washington Navel na Valencia ndizo zilizozoeleka, na Pixie, ambayo ni chenza, imependwa sana siku hizi kwa kuwa haina mbegu na humenyeka kwa kidole. Aina ya Kiafrika ya ugonjwa wa kugeuza majani manjano, ulioua michungwa mingi ya nyanda za juu, haipendi joto, kwa hiyo sehemu za chini za Makueni zimepata nafuu. Hayo yanatosha kuhusu machungwa. Turudi kwenye embe.

Aina, na miezi yake

Ngowe ni wa pwani. Ulipandwa Lamu mwanzoni mwa karne ya 20, na inasimuliwa kwamba ulitoka Unguja. Huhitaji kibao cha jina kuutambua: tunda ni refu, jembamba kidogo, na ncha yake imejikunja kama mdomo wa kasuku. Likiiva linageuka manjano yaliyokolea hadi kukaribia rangi ya chungwa, na nyama yake haina nyuzi za kukwama kwenye meno. Huwa miongoni mwa aina za mwanzo kuiva. Mti wake hauwi mkubwa sana, na kwa ajili hiyo ndio ninaoupendekeza kwanza kwa boma dogo. Udhaifu wake ni kupumzika: mwaka huu utazaa hadi matawi yainame, mwaka ujao utakupa kikapu. Unga mweupe pia unaupenda.

Apple naye ni mzaliwa wa pwani, maeneo ya karibu na Malindi, na huku bara ndiye aliyepokewa kama mkwe tajiri. Tunda ni la mviringo, la manjano lenye wekundu, halina nyuzi, lina juisi, na linauzika popote: kituo cha basi cha Emali, soko la Machakos, Nairobi yote. Anayeniambia Apple si tamu simsikilizi. Ila ngozi yake ni nyembamba na chule humshika kwa urahisi, na safari ndefu kwenye gunia humponda. Tatizo lake kubwa ni lile nililoanza nalo: kila mtu anaye. Panda Apple, lakini asizidi theluthi moja ya miti yako.

Tommy Atkins ana hadithi ya kufurahisha. Huko Florida, Marekani, mwaka 1902 mzee mmoja nahodha, John Haden, alipanda mbegu za embe la Kihindi liitwalo Mulgoba. Mojawapo ilizaa embe jekundu lililochukua jina lake. Baadaye, kwenye shamba la Thomas Atkins, mche uliotokana na Haden ulizaa tunda jekundu zaidi, lenye ngozi nene. Atkins alilipeleka mbele ya wakaguzi wa aina za maembe wa Florida mara kadhaa miaka ya 1950, nao wakalikataa: lina nyuzi, ladha yake ya kawaida tu. Wakulima hawakuwajali. Waliona embe linalosafiri wiki nzima bila kupondeka na linalovumilia chule kuliko wenzake, wakalipanda, na leo Tommy amejaa kwenye rafu za maduka makubwa duniani. Somo kwa boma lako ni hili: Tommy ni embe la kuuza mbali. Ukiwa na mnunuzi wa kupeleka nje au supamaketi, mpande. Ukiwa unauza kwa ndoo barabarani na kula nyumbani, mti mmoja unatosha, na hata huo si lazima.

Haden mwenyewe bado yupo kwenye vitalu. Ana ladha nzuri lakini chule humsumbua. Van Dyke ni mdogo wa umbo, mwenye rangi ya kupendeza na mvumilivu wa chule. Ukimpata mche safi mnunue, hasa ukiwa kwenye sehemu zenye umande mwingi. Sensation hazai tunda kubwa, ila huchelewa kuiva, na hilo peke yake linampa thamani.

Kent ndilo embe ninaloliweka juu ya yote kwa kula. Ni kubwa, limejaa, nyama yake ni laini na utamu wake una uchachu kidogo unaolifanya lisichoshe. Huiva baada ya Apple kuanza kupungua. Likikatwa vipande na kukaushwa juani chini ya wavu linatoka vizuri, na Ngowe pia. Kwa mama anayetaka kuuza maembe makavu kwa pakiti, hizi mbili ndizo za kuanza nazo. Kent hadumu sana akishaiva, kwa hiyo mchume akiwa amekomaa na bado mgumu.

Keitt ndiye wa mwisho. Wakati wengine wamekwisha, yeye bado ananing'inia, mkubwa na wa kijani. Kijani hicho huwadanganya watu: Keitt anaweza kuwa ameiva kabisa na ngozi bado haijabadilika, hata watoto wakampita wakidhani ni mbichi. Mguse. Akilegea karibu na kikonyo, mlete ndani. Anazaa sana na hana nyuzi nyingi. Ukimpeleka Nairobi mwezi wa Machi utakutana na maembe ya Embu na Murang'a ambayo nayo huchelewa, lakini kwenye soko la kwenu, Zombe au Kambu au Kabati, huenda ukawa peke yako.

Bado yule wa kienyeji, wa nyuzi, mti mkubwa unaowekea kivuli mkutano mzima. Usiukate wote. Unavumilia ukame kuliko hawa wengine, mbegu zake ndizo huotesha mashina ya chini ya miche unayonunua, na nitaonyesha mwishoni jinsi mti huo mzee unavyoweza kuwa shamba la Kent.

Hesabu ya miti

Kwa miti sita ya nyumbani ningeweka Ngowe mbili, Apple moja, Kent mbili na Keitt moja. Ngowe ni mbili kwa sababu ya ile tabia yake ya kupumzika; mara nyingine hazipumziki zote mbili mwaka uleule. Ukiwa na mti wa kienyeji hapo bomani, umeshapata wa saba.

Nusu ekari kwa nafasi ya mita 8 kwa 8 huchukua miti 30 hivi. Hapo ningepanda Apple tisa au kumi, Ngowe sita, Kent nane, Keitt sita, na mmoja wa kujaribu, Van Dyke au Sensation. Broka atanung'unika kwamba hapati lori zima la aina moja. Mwache anung'unike. Kwa miti 30 huwezi kujaza lori kwa vyovyote. Unauza kwa ndoo, kwa kreti, kwa mama wa kibanda, kwa shule iliyo karibu, na hao wote wanapenda kuona una kitu wiki baada ya wiki.

Aliye karibu na Kalamba ana mlango mwingine. Serikali ya kaunti ya Makueni ilijenga hapo kiwanda cha kusindika matunda, kilichozinduliwa mwaka 2017, kinachosaga maembe kuwa rojo la kutengenezea juisi. Kiwanda hakijali sana wekundu wa begani. Kinataka tunda lililoiva, lenye nyama ya rangi iliyokolea na nyuzi chache. Apple na Ngowe zinakifaa. Kabla ya kuipanga miti yako yote kwa ajili ya kiwanda, uliza chama chenu cha ushirika kiwanda hupokea lini na hulipa baada ya muda gani.

Na kabla ya kuhesabu miti, hesabu maji. Mche wa mwaka wa kwanza na wa pili unataka lita 20 kwa wiki wakati wa kiangazi. Miti 30 ni mitungi 30. Punda mmoja hubeba minne kwa safari, kwa hiyo ni safari nane za kwenda kwenye bwawa la mchanga au silanga, kila wiki, hadi mvua za Oktoba. Kama huwezi, panda kumi mwaka huu na kumi mwaka ujao. Kumi iliyo hai inashinda 30 iliyokauka.

Mche wenyewe

Nunua mche uliopandikizwa. Mbegu ya Apple, Kent au Tommy ukiipanda haitakupa Apple, Kent wala Tommy. Itakupa kitu kingine, huenda kizuri, mara nyingi hovyo, na utakingoja miaka sita hadi minane. Mche uliopandikizwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Mbegu ya kienyeji ndiyo mara nyingi hufuata mama yake, na ndiyo sababu hutumika kwa mashina ya chini.

Kitalu kiwe kimesajiliwa na idara ya serikali ya mazao ya bustani, ile inayojulikana kama HCD. Vituo vya utafiti vya KALRO pia huwa na miche ya matunda, na afisa wa kilimo wa wadi atakuambia ni kitalu gani kina miti mama ya kueleweka. Omba kuiona hiyo miti mama. Mwenye kitalu ambaye hana hata mti mmoja wa Kent uliozaa hawezi kujua kama anachokuuzia ni Kent, kwa sababu miche yote ya maembe ikiwa midogo inafanana.

Sasa inama uukague. Anzia kwenye kiungo, pale tawi la juu lilipounganishwa na shina la chini, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye udongo. Panatakiwa pawe na kovu lililofunga vizuri, shina la juu na la chini zikiwa na unene unaokaribiana. Ukanda wa nailoni uliofungiwa uwe umeshaondolewa. Ukibaki hukaba mche jinsi unavyonenepa. Likunje kidogo tawi la juu kwa vidole viwili. Likicheza kwenye kiungo, rudisha. Angalia chini ya kiungo: majani yoyote yaliyoota hapo ni ya kienyeji, na muuzaji mvivu anaweza kukuuzia mche ambao tawi la juu lilishakufa na yanayopendeza ni ya chini. Halafu ugeuze mfuko uangalie kitako. Mzizi mkuu ukiwa umetoboa na kujizungusha, mche umekaa humo muda mrefu na utateseka shambani. Urefu usikuvutie. Mche wa goti wenye shina nene ni bora kuliko wa kiuno uliorefuka kivulini.

"Mama, chini ni ya kikamba?" ndilo swali la kumuuliza mwenye kitalu. Jibu lenye kueleweka ni ndiyo, pamoja na kukuonyesha mti mbegu zilikotoka. Mashina ya mbegu za kienyeji za hapa hapa yanaijua ardhi yetu na ukame wetu.

Ukishanunua, andika. Chora shamba kwenye daftari, kila mti na jina lake, kwa sababu vibao vya kalamu hufutika kwa jua la msimu mmoja na baada ya miaka mitatu hakuna anayekumbuka Kent ilikuwa mstari gani.

Kupanda

Chimba Septemba, panda mvua ya Oktoba au Novemba ikishalowesha ardhi. Mvua za vuli ndizo za kutegemewa Ukambani. Za Machi zimewaacha wengi na mashimo matupu. Shimo liwe na sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe mbali na wa chini, kisha huo wa juu uchanganywe na debe moja au mawili ya samadi iliyooza na urudishwe. Kiungo kibaki juu ya udongo.

Kama shamba lina matuta ya fanya juu, huhitaji kutafuta mahali. Mtaro ulio chini ya tuta hukusanya maji na rutuba yote iliyoteremka, panda humo. Tandaza nyasi au mabua kuzunguka mche lakini uache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina, la sivyo mchwa watapanda moja kwa moja. Katikati ya miti, miaka mitatu ya mwanzo, panda ndengu au kunde. Mahindi yatawekea miche kivuli na kunywa maji yake.

Maua yakitokea mwaka wa kwanza au wa pili, yakate. Watoto watalia. Mti mdogo unaobeba matunda hukoma kukua. Na ukishakuwa mkubwa, acha kuumwagilia kuanzia Juni hadi uone maua; kiu ya wakati huo ndiyo inayoyaleta. Kila baada ya mavuno punguza kimo usipite mita nne. Sababu utaiona kwenye nzi.

Nzi, na bei ya kuchelewa

Kuchagua embe la Machi kuna gharama, nayo ni nzi wa matunda. Yule msumbufu kuliko wote alitoka Asia, na wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walimkuta nchini mwaka 2003. Jike hutoboa ngozi ya embe linalokaribia kukomaa na kutaga ndani. Ukiliangalia kwa karibu utaona kitobo kidogo kama cha sindano na tone la utomvu lililokauka chini yake. Siku chache baadaye pananyong'onyea, na ukilipasua, funza weupe wanarukaruka. Kwa ajili ya nzi huyu Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na ilichukua hadi 2021 kurudi, Makueni ikiwa mstari wa mbele katika kutenga maeneo yasiyo na nzi.

Nzi huongezeka jinsi msimu unavyoendelea. Ngowe huponea chupuchupu, Apple wa katikati huguswa, Kent na Keitt ndio hupokea kizazi kizima kilichozaliwa kwenye maembe yaliyooza chini ya miti ya Februari. Kwa hiyo anayepanda aina za mwisho lazima aokote. Kila siku mbili, kila embe lililoanguka, na kuyafukia kwa kina cha futi mbili. Mitego yenye harufu ya kuvuta madume inauzwa agrovet. Itundike matunda yakiwa bado madogo. Na kwa miti michache ya nyumbani hakuna dawa inayoshinda mfuko wa karatasi ya kaki uliofungwa kwenye kila tunda likiwa na ukubwa wa yai. Ndiyo maana ya mita nne: huwezi kufunga mifuko kwenye mti wa mita kumi.

Fukusi wa kokwa ni mwingine. Haachi alama nje. Utamgundua ukipasua kokwa na kukuta mdudu mweusi amejikunyata ndani. Nyama haiharibiki sana kwa mlaji wa nyumbani, lakini mnunuzi wa nje atakataa. Kokwa zisitupwe ovyo shambani.

Mti mzee ulio nao tayari

Maboma mengi ya Ukambani hayaanzi na shamba tupu. Kuna mwembe wa babu, wa nyuzi, wenye mizizi iliyofika kwenye maji kabla hujazaliwa. Mizizi hiyo ni mtaji. Badala ya kuchimba shimo na kusubiri miaka minne, ubadilishe.

Ukate mti huo kimo cha kifua au zaidi kidogo, baada ya mavuno, kwa msumeno, na kata iwe ya mshazari maji yasituame. Acha tawi moja kubwa bila kuguswa; hilo litailisha mizizi wakati sehemu nyingine zote zimekatwa, na bila hilo miti mingi mizee hufa. Paka shina chokaa lisiungue na jua, maana ngozi hiyo haijawahi kuona jua la mchana. Baada ya miezi michache machipukizi yataota kwa wingi. Chagua manane au kumi yaliyokaa vizuri kuzunguka kisiki, mengine uyang'oe, na yakifikia unene wa penseli mwite fundi wa kupandikiza. Vijana wanaoifanya kazi hii hawakosekani siku hizi, na hulipwa kwa kila kiungo kilichoshika, kwa hiyo patana hivyo, usilipe kwa siku.

Vijiti vya juu vitoke kwenye mti ambao umeuonja mwenyewe. Hapa una uhuru usio nao kitaluni: mti mmoja unaweza kubeba Ngowe upande wa jua linapochomoza na Keitt upande wa pili, na boma lisilo na nafasi likala embe kuanzia Desemba hadi Machi kwenye kisiki kimoja. Weka alama ya rangi kwenye kila tawi. Fundi atakapomaliza, fuatilia machipukizi ya kienyeji kila wiki mbili na uyavunje kwa kidole yakiwa mabichi, kwa sababu yanakua haraka kuliko yaliyopandikizwa na yatayafunika. Lile tawi ulilobakiza likatwe mwaka wa pili, matawi mapya yakishaweza kuilisha mizizi yenyewe. Matunda ya kwanza huja mwaka wa pili au wa tatu baada ya kupandikiza.